Black Panther: filamu au vibonzo, na kama ni vibonzo, vya nani?

Mpwa wangu ameiangalia filamu ya Black Panther mara nyingi mpaka anajibizana na wahusika kabla hawajafungua midomo. Likizo iliyopita nilimpa kitabu kinene kilichokusanya matoleo ya Jungle Action, vibonzo vya miaka ya 1970. Alianza na toleo la sita, akafika pale adui Killmonger anapomtupa T'Challa, mfalme wa nchi ya kubuni ya Wakanda ambaye ndiye Black Panther, kutoka kwenye maporomoko ya maji, akaruka kwenye kiti: "Mjomba, kumbe hii waliitoa huku!" Dakika ishirini baadaye alikuwa ameshakifunga, uso umemshuka. "Lakini huyu siyo Killmonger. Hana hata undugu na T'Challa."

"Endelea kusoma, mjomba," nikamwambia. Moyoni nilijua ameshaugusa ubishi ambao mashabiki wamekuwa nao tangu filamu itoke Februari 2018. Wapo wanaoapa kwamba hakuna filamu ya mashujaa iliyokifuata kitabu kwa heshima kama hii. Wapo wanaosema mwongozaji Ryan Coogler alichukua majina na mavazi tu, akatunga yake. Kila upande una ushahidi mkononi, kwa sababu kila upande umeshika kitabu tofauti. Black Panther hana kitabu kimoja. Ameandikwa na mikono mingi tangu 1966, na wenye mikono hiyo hawakukubaliana hata wao kwa wao.

Kwa hiyo nitaiweka filamu kando kwa kando na waandishi watatu ambao naona ndio wa kuwajua: Don McGregor aliyeandika Jungle Action kuanzia 1973, Christopher Priest aliyeanza 1998 na kumaliza 2003, na Ta-Nehisi Coates aliyeanza 2016. Ukishamaliza kusoma hapa utajua uanze na nani kulingana na kile ulichokipenda kwenye filamu. Nitataja miisho ya hadithi, kwa hiyo kama bado hujaitazama, itazame kwanza.

Nani alimuua baba wa nani

T'Challa alizaliwa katika toleo la 52 la Fantastic Four, Julai 1966, mikononi mwa Stan Lee na Jack Kirby. Humo anawaalika mashujaa wanne wa Marekani nchini kwake, halafu anawawinda mmoja mmoja katika msitu wa mashine ili ajipime kabla ya kukutana na adui wake wa kweli. Adui huyo ni Klaw, mzungu aliyemuua mfalme T'Chaka mbele ya macho ya mwanawe kwa tamaa ya vibraniamu, madini ya ajabu ya Wakanda. Kisasi ndicho kilichomlea T'Challa wa vitabuni.

Filamu iliondoa kisasi hicho. T'Chaka aliuawa kwa bomu huko Vienna katika filamu ya 2016 ya Captain America: Civil War, na T'Challa akamwacha hai muuaji wa baba yake humohumo. Akiingia katika filamu yake mwenyewe, hana deni la damu la kudai. Klaue, kama jina lake linavyoandikwa kwenye filamu, anabaki kuwa mwizi na mfanyabiashara wa silaha, na anauawa kabla hadithi haijafika mwisho.

Shabiki mkongwe wa vibonzo anauma meno hapo, na namwelewa. Lakini tazama kilichopatikana. Vitabuni, swali la T'Challa ni nani aliyemuua baba yangu. Kwenye filamu, swali ni baba yangu alimuua nani. Jibu ni ndugu yake mwenyewe, N'Jobu, katika nyumba ya kupanga huko Oakland mwaka 1992, kisha akamtelekeza mtoto wa marehemu akaondoka. Shutuma zimehama kutoka kwa mgeni mwenye bunduki hadi kwenye kiti cha enzi. Kwa maoni yangu haya ndiyo mabadiliko makubwa kuliko yote, na ndiyo yanayoifanya filamu isimame kwa miguu yake.

Killmonger wa vitabu na Killmonger wa Oakland

Hapa ndipo mpwa wangu alipokwama, na hapa pana mengi.

Killmonger wa McGregor anaitwa N'Jadaka. Ni Mwakanda aliyezaliwa humohumo nchini, familia yake ikasambaratishwa na Klaw, akachukuliwa hadi Marekani, akaishi Harlem, akasoma chuo cha MIT, akarudi nyumbani na hasira dhidi ya mfalme aliyeshindwa kuwalinda. Si mtoto wa kifalme. Ni jitu la misuli, anatembea na chui aitwaye Preyy, na amejizungushia watu wa ajabu wenye majina kama Venomm na Baron Macabre, ambao T'Challa anapambana nao mmoja baada ya mwingine. Vita vyake ni vya kijiji kwa kijiji.

Priest alimchukua huyohuyo akampeleka mahali pengine. Kwake, Killmonger anadai kiti kwa njia ya kimila, anapigana na T'Challa na kumshinda kihalali, kisha anakula ule mmea wenye umbo la moyo unaompa Black Panther nguvu zake. Mmea unamwangusha. Kwa asiye na damu ya kifalme ni sumu, na N'Jadaka hana damu hiyo. Analala kama mfu, na T'Challa ndiye anayeamua aishi.

Sasa rudi kwenye filamu. Coogler na mwandishi mwenzake Joe Robert Cole walipomfanya Killmonger kuwa mtoto wa N'Jobu, wengi walisema wameongeza undugu ili watu walie. Mimi naona walikuwa wamemsoma Priest kwa makini. Walipompa damu, mmea ulimkubali. Na mmea ulipomkubali, tukapata sehemu ambayo haipo katika kitabu chochote kati ya hivi: anafumba macho akitarajia kwenda kwa mababu, na badala ya ile mbuga pana yenye miti na chui ambako T'Challa alimkuta baba yake, anajikuta kwenye chumba kilekile kidogo cha Oakland. Baba yake amekaa, dirishani anga ni ya zambarau. Anamuuliza kwa nini halii, na mtoto anajibu kwamba watu hufa, ndivyo maisha ya huku yalivyo. Hata mbinguni kwao ni nyumba ya kupanga.

Ndugu msomaji, mimi nimesoma kurasa nyingi za Killmonger, na hakuna ukurasa ulionieleza machungu yake kama chumba kile. Kitabu kilimfanya awe adui wa kutisha. Filamu ilimfanya awe na haki, kisha ikamwonesha akiitumia haki hiyo kuchoma shamba zima la ule mmea ili mwingine asije kuwa mfalme baada yake.

Kuhusu Oakland, kuna jambo la kupendeza. Mhusika alitangulia miezi michache kabla ya chama cha Black Panther, chama cha siasa cha Wamarekani weusi, kuundwa mjini humo, Oktoba 1966, na mwaka 1972 Marvel, wachapishaji wa vibonzo hivi, walimwita Black Leopard kwa muda mfupi ili wasichanganywe na siasa zile. Coogler, ambaye ni mtoto wa Oakland, alianzia hadithi yake palepale ambapo vitabu vilipakwepa.

Mahali kitabu kinaposhinda

Nisionekane nimeinunua filamu nzima. Kuna kitu McGregor anacho ambacho filamu haina, nacho ni wananchi.

Hadithi yake ndefu iitwayo Panther's Rage inakwenda matoleo kumi na matatu, kuanzia la sita mwaka 1973 hadi la kumi na nane mwaka 1975. Karibu wahusika wote ni Waafrika, jambo ambalo halikuwa la kawaida kabisa katika vibonzo vya Marekani wakati ule, na sehemu kubwa ilichorwa na Billy Graham, mmoja wa wachoraji weusi wachache waliokuwa Marvel. Humo unaingia kwenye nyumba za watu. Unawaona wakulima. Unamwona W'Kabi, mkuu wa ulinzi, akigombana na mfalme kwa sababu mfalme amekaa Marekani mno akarudi na mpenzi wake Monica Lynne, mwimbaji wa huko, ambaye wenyeji wanamtazama kwa jicho la pembeni. W'Kabi huyo anafoka, lakini hasaliti. Yule wa filamu, aliyechezwa na Daniel Kaluuya, anageuka. Monica hayumo kabisa.

Na mwisho wake. Killmonger amemshika T'Challa tena pale kwenye maporomoko, safari hii anataka kumvunja mgongo. Mfalme hana ujanja. Anayeamua vita ni mtoto wa kijijini aitwaye Kantu, ambaye vita vimeshaivuruga nyumba ya wazazi wake: anatoka mbio, anamsukuma Killmonger, Killmonger anakwenda na maji. Hakuna shujaa aliyeshinda. Mtoto amelazimika kuua, na T'Challa amesimama anamtazama.

Kwenye filamu, wafalme wawili wanamalizana chini ya mgodi, na T'Challa anambeba binamu yake akaone jua linavyozama, naye anaomba azikwe baharini pamoja na mababu waliojirusha kutoka kwenye meli za watumwa kwa kuona kifo ni bora kuliko minyororo. Ni maneno mazito, na nimewaona watu wazima wakifuta machozi. Lakini raia wa Wakanda wako wapi? Nchi nzima inabadilisha mtawala mara mbili katika siku chache, na hatumsikii muuza sokoni hata mmoja akisema lolote.

Coates aliliona pengo hilo. Hadithi yake ya kwanza, A Nation Under Our Feet, iliyochorwa mwanzoni na Brian Stelfreeze, inaanza na wananchi wanaomwasi T'Challa. Aneka, askari wa kikosi cha wanawake wa mfalme, amehukumiwa kifo kwa kumuua chifu aliyekuwa akiwadhulumu wanawake. Mpenzi wake Ayo anaiba mavazi ya vita na kumtoa gerezani. Swali linalorudi katika matoleo yote kumi na mawili ni kwa nini taifa lenye akili kiasi hiki bado linatawaliwa na mtu mmoja, na mwishoni T'Challa anakubali mamlaka yake yawekewe mipaka ya katiba. Kitabu hiki kilianza kutoka miaka miwili kabla ya filamu. Coogler angeweza kuligusa swali lile, hakuligusa. Ayo yupo kwenye filamu, amechezwa na Florence Kasumba, mzaliwa wa Kampala, lakini ana mistari michache sana.

Wanawake wa Wakanda

Hapa sitasitasita: filamu ilifanya vizuri kutokufuata kitabu.

Kikosi cha Dora Milaje ni kazi ya Priest. Kwake ni wasichana wadogo waliotolewa na makabila mbalimbali ili amani idumu, walinzi wa mfalme na kwa jina wachumba wake watarajiwa, na hawazungumzi na mtu mwingine yeyote ila mfalme, tena kwa Kihausa. Okoye na Nakia wa kwanza ni hao. Nakia, bado msichana mdogo, anabusiwa na T'Challa aliyekuwa amepumbazwa na pepo, akili inamwendea kombo kwa mapenzi, anaishia kuwa adui aitwaye Malice.

Sasa mfikirie Nakia wa Lupita Nyong'o: mpelelezi mtu mzima, anayekataa kuwa malkia kwa sababu ana kazi ya kuwaokoa watu nje ya mipaka, na anayemwambia mfalme usoni kwamba nchi yao inakosea kujificha. Okoye wa Danai Gurira ni jenerali ambaye uaminifu wake kwa kiti unapimwa mbele ya mumewe. Shuri naye alibadilishwa. Katika vitabu vya Reginald Hudlin, alikoanzia mwaka 2005, ni mpiganaji anayekitamani cheo cha kaka yake. Filamu ilimfanya msichana wa maabara. Anayelilia uaminifu kwa kitabu hapa, mwulize kama kweli alitaka Nakia yule wa mwanzo.

M'Baku ni mfano wa haraka wa jambo hilohilo. Aliingia mwaka 1969 kwa jina la Man-Ape, mtu aliyekula nyama ya sokwe mweupe ili apate nguvu. Filamu ililitupa jina hilo, ambalo halikustahili kuitwa mtu mweusi, ikampa Winston Duke nafasi ya chifu wa milimani mwenye heshima zake. Anamtisha Mmarekani Ross kwamba atawalisha watoto wake nyama yake, halafu anacheka: wao hawali nyama. Anayekijua kitabu anacheka mara mbili.

Kwa sikio la Mswahili

Vitabu vimeihamishahamisha Wakanda, lakini mara nyingi huiweka upande huu wetu wa Afrika. Lugha inayosikika kwenye filamu ni Kixhosa, kwa kuwa John Kani, aliyecheza T'Chaka, ndiye aliyeileta lugha yake ya nyumbani katika filamu ya 2016. Hata hivyo Kiswahili kimejipenyeza. Watu wa M'Baku wanaitwa Jabari, neno ambalo halihitaji kufafanuliwa kwa msomaji wa hapa. Shanga za mawasiliano zinaitwa Kimoyo, na kwenye vibonzo ilikuwa kadi ya Kimoyo. Mara ya kwanza kulisoma neno hilo nilisimama. Tunasema mtu anaomba kimoyomoyo, na mwandishi wa New York ameliweka kwenye kifaa cha kuongea na mtu aliye mbali.

Mavazi ndiyo yaliyoniletea ubishi mkubwa nyumbani. Ruth E. Carter, aliyeshinda Oscar kwa kazi hii, aliokota wekundu wa Kimaasai kwa Dora Milaje, blanketi za Kisotho kwa watu wa mpakani, kofia ya Kizulu kwa malkia. Dada yangu anasema ni kuchanganya makabila kama mboga. Mimi nasema vibonzo vya 1966 viliwavika watu wa Wakanda mavazi ya Afrika isiyokuwepo, na mtu aliyekwenda kutafuta blanketi ya kweli na kofia ya kweli amekifanyia kitabu kazi ambayo kitabu hakikujifanyia. Filamu ilipozinduliwa Kisumu, nyumbani kwa akina Nyong'o, sikusikia mtu akiuliza iwapo Lupita anafanana na mchoro.

Basi uchukue ipi

Kama umeipenda filamu kwa sababu ya Killmonger, nenda kwa McGregor, lakini uende ukijua kwamba utakutana na mtu mwingine mwenye jina lile. Maandishi yake ni mengi, yamejaa ukurasa, na sentensi zake zina mapambo ya kale; soma toleo moja kwa siku, usikimbize. Mwaka 2022 Penguin Classics waliyatoa matoleo hayo pamoja na matoleo mawili ya Fantastic Four ya 1966 katika juzuu moja, na kama mfuko wako unaruhusu kitabu kimoja tu, nunua hicho. Utapata mwanzo wa T'Challa na vita vyake vikubwa kwa mara moja.

Kama kilichokuvuta ni siasa, ujasusi na namna mfalme anavyofikiri hatua tano mbele, mchukue Priest. Onyo: msimulizi ni Everett Ross, yule Mmarekani, hapa akiwa mtumishi wa Wizara ya Mambo ya Nje, na unamkuta mwanzoni hana suruali, anasimulia mambo ya nyuma mbele na ya mbele nyuma. Wengi huacha toleo la pili. Vumilia mpaka la tano, ushone vipande kichwani, utaona kwamba T'Challa wa Chadwick Boseman, yule mtulivu asiyepandisha sauti, ametoka humu kuliko kwingine kokote.

Coates namshauri mtu aliyetoka kwenye filamu akiwa na swali la wananchi. Kwa anayetaka ngumi, atamchosha. Watu wake wanakaa na kubishana juu ya utawala. Kwa mtoto wa chini ya miaka kumi na mitatu hivi, ningemwacha kwanza na filamu.

Mpwa wangu alimaliza Jungle Action siku mbili kabla shule hazijafunguliwa. Alikuja na kidole kikiwa katikati ya kurasa, pale Kantu anaposukuma. "Mjomba, huyu dogo mbona hawakumweka?" Nikamwambia sijui, na kwamba ningekuwa Coogler ningemweka. Akaniuliza Priest yuko rafu gani.